Brauza tatu, ugonjwa uleule: kisa cha laptop moja ya nyumbani Tanga

Simu iliingia Jumamosi asubuhi, mwanzoni mwa Agosti 2025, nikiwa bado sijafungua duka. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mikanjuni, ambaye upande ule wote humwita Mama, nami namwita hivyo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, halafu akaingia moja kwa moja kwenye shida.

"Mwanangu, kompyuta imeingiwa na kirusi. Tumebadilisha brauza mara tatu na kirusi kinatufuata. Huyu mdogo anasema tutafute ya nne. Wewe ndiye fundi, niambie ipi nzuri tumalize."

Ipi nzuri. Dukani naulizwa hivyo karibu kila siku, na kwa kawaida hutaja jina moja, mteja akaondoka ameridhika. Safari hii jina moja lingekuwa uongo. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki chote, pamoja na mahali nilipokosea mimi mwenyewe.

Nyumba na mashine yake

Laptop ilikuwa ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Akaunti ya Windows ilikuwa moja, haina nenosiri, na watu watatu wanaitumia. Mama anasoma habari za kuku wa mayai na kufungua WhatsApp kwenye kioo kikubwa, apate kuziona vizuri picha anazotumiwa na dada yake aliyeko Muscat. Binti yake amemaliza kidato cha sita na alikuwa katikati ya msimu wa maombi ya chuo na mkopo, msimu ambao nyumba yoyote ya Kitanzania yenye mtoto wa umri huo inaujua: fomu, kuskani vyeti, kontroo namba, kuchapisha, kusaini, kupakia tena. Mdogo wake yuko kidato cha pili, na Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imebakiza wiki mbili kuanza.

Intaneti yao inatoka kwenye simu ya Mama. Ananunua bando, anawasha hotspoti, nyumba nzima inachota humo. Nalisema mapema kwa sababu makala nyingi za kulinganisha vivinjari, yaani hizo brauza, huandikwa na watu wenye waya wa faiba ukutani. Wanapima nani anafungua ukurasa kwa sekunde ngapi. Nyumba hii haikuwa na shida na sekunde. Bando la wiki lilikuwa linakata Jumatano.

Ugonjwa unaohama

Nilipofika sikugusa kitu. Niliomba iwashwe tu, nikakaa mbele yake na kikombe cha chai. Hazikupita dakika kumi, kikaibuka kisanduku kwenye kona ya chini kulia: alama nyekundu, maneno ya Kiingereza kwamba virusi vitano vimepatikana, bofya hapa usafishe. Hakuna kivinjari kilichokuwa kimefunguliwa. Hapo ndipo watu wengi huamini kuwa ni kirusi, na siwalaumu.

Lakini ndani ya kisanduku chenyewe, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyokituma. Kirusi hakituachii anwani yake. Ile ilikuwa arifa, arifa halali kabisa kwa macho ya kompyuta, iliyoruhusiwa na mtu wa nyumba ileile. Kuna tovuti za kutazama mpira za njia ya panya ambazo kabla hazijakuonyesha chochote hukwambia bonyeza Ruhusu uthibitishe kwamba wewe si roboti. Ukibonyeza, hujathibitisha lolote. Umewapa ruhusa ya kukutumia arifa, na kwa kuwa Chrome na ndugu zake wana mpangilio wa kuendelea kufanya kazi chinichini hata madirisha yakifungwa, arifa zinaingia muda wowote laptop ikiwa macho.

Mdogo mtu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile Ruhusu. Akacheka kwa aibu.

Swali lililobaki ni lile la Mama: kwa nini kilihama nao? Hapa kisa kinanoga, maana kila safari kilihama kwa njia yake.

Mara ya kwanza waliondoa Chrome wakaiweka upya. Ukiiondoa Chrome kwenye Windows bila kutia tiki pale inapouliza kama ifute na data zako za kuvinjari, programu inaondoka lakini folda ya profaili inabaki. Ukiirudisha, inaikuta folda yake palepale, na ruhusa zote zilizokuwamo. Ni kumhamisha mpangaji na kumwachia ufunguo.

Mara ya pili walihamia Edge, kivinjari cha Microsoft. Edge ni mkarimu: ukiifungua mara ya kwanza inajitolea kukuletea kila kitu kutoka Chrome, alamisho, manenosiri, hata viendelezi, vile vijiprogramu vya kukiongezea kivinjari uwezo. Na miongoni mwa viendelezi vya nyumba hii kulikuwa na kimoja kilichojiita kigeuzi cha PDF, kilichowekwa na binti wakati wa kuhangaika na vyeti. Kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zote kwenye tovuti zote. Ndicho kilichokuwa kinapeleka utafutaji wao kwenye ukurasa wa ajabu uliojaa matangazo, na sasa kilikuwa kinafanya hivyo kwenye vivinjari viwili.

Mara ya tatu ilikuwa Opera. Huku hakukuhama kitu. Mdogo mtu alirudi tu kwenye tovuti ileile ya mpira akabonyeza Ruhusu kwa mara nyingine.

Nilipitisha ukaguzi wa kingavirusi kilichomo ndani ya Windows, hakikukuta kitu. Nikaingia kwenye mipangilio ya kila kivinjari, sehemu ya arifa, nikafuta ruhusa zote. Orodha ya kimoja ilikuwa na tovuti kumi na moja, na hakuna mtu nyumbani mle aliyeitambua hata moja. Nikaondoa kile kigeuzi. Kirusi kikaisha. Ilikuwa imenichukua muda wa kikombe cha pili cha chai, na sikuwa nimebadilisha kivinjari.

Mama akaridhika. Mdogo mtu hakuridhika: "Sasa braza, brauza ipi kali?" Nikamwambia akae, kwa sababu swali lake, kirusi kikishatolewa, linaanza kuwa na maana.

Chesisi moja, bodi tofauti

Kitu cha kwanza nilichomweleza ni kwamba katika zile tatu walizozijaribu hawakuwa wamehama sana. Chrome, ambayo Google waliitoa 2008, imejengwa juu ya mradi wa wazi unaoitwa Chromium. Opera, kivinjari cha Wanorwe kilichoanza miaka ya 1990 na injini yake yenyewe (sehemu inayosoma na kuchora kurasa), kiliiacha injini hiyo mwaka 2013 kikaingia Chromium. Edge ilizaliwa 2015 ikiwa na injini ya Microsoft, ikajengwa upya juu ya Chromium Januari 2020. Brave, alichokuwa anakitaka mdogo mtu kiwe cha nne, nacho ni Chromium. Ni kama daladala: chesisi ni ileile, mafundi bodi tofauti, rangi tofauti, muziki tofauti. Ukurasa unaogoma kwenye mmoja mara nyingi utagoma kwa wote, na unaokwenda kwa mmoja utakwenda kwa wote.

Mwenye chesisi yake kwenye Windows, kwa vivinjari vinavyojulikana na watu wengi, ni Firefox wa Mozilla. Safari ya Apple inayo yake pia, lakini toleo la Windows lilikoma 2012, kwa hiyo kwenye nyumba hii halikuwa na hoja.

Basi tukapima. Kipimo changu si cha maabara. Niliwasha laptop upya kabla ya kila kivinjari, nikafungua tabo saba zilezile wanazotumia wao: WhatsApp, barua pepe, YouTube, mfumo wa maombi wa binti, kurasa mbili za habari, na ukurasa wa Mama wa kuku. Pembeni nikafungua Task Manager ya Windows, inayoonyesha nani anakula RAM na diski kiasi gani.

Watu wanapenda kusikia kwamba Chrome inakula RAM na fulani haili. Kwenye mashine hii zote zilikula. Tofauti baina yao ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kufungua au kufunga tabo moja ya YouTube. Kuna sababu ya msingi ya ulaji huo: tangu 2018, baada ya kugundulika kasoro za prosesa zilizoitwa Spectre, Chrome hutenga kila tovuti kwenye mchakato wake ili tovuti moja isichungulie siri za nyingine, na Google wenyewe walisema utengaji huo uliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox nayo ilifuata njia hiyo baadaye. RAM inayoliwa, kwa sehemu, ni bei ya ukuta kati ya tabo ya benki na tabo ya mpira.

Edge ilionekana kufunguka haraka kuliko wenzake. Mdogo mtu akashangilia, nikamwonyesha sababu: ina mpangilio wa kujipakia chinichini mara Windows inapowaka. Haikukimbia zaidi, ilianza kukimbia kabla ya filimbi, na RAM ilikuwa imeshailipia. Hata hivyo niliipa alama kwa kitu kingine: inalaza tabo zisizotumika, na hufanya hivyo bila kuombwa. Chrome inayo namna yake ya kuokoa kumbukumbu, na Firefox hushusha tabo pale mashine inapoanza kuishiwa. Kwa mtu mwenye tabo saba hayo yanatosha. Kwa binti, ambaye nilimkuta na tabo thelathini na kitu, hakuna la kutosha.

Ila kilichonifunza zaidi kwenye Task Manager ni mstari wa diski: asilimia 100, karibu muda wote, kivinjari chochote kikiwa wazi. RAM ya GB 4 ikijaa, Windows huhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi mwendo huo. Pale ndipo laptop inaganda, kishale cha mausi kinakwama, watu wanasema brauza hii mbovu. Nilimwambia Mama waziwazi: kuongeza RAM na kuweka SSD ndogo (diski ya kasi isiyozunguka) kutakupa zaidi ya brauza yoyote duniani. Akauliza bei, akanyamaza kidogo, akasema tutazungumza mwisho wa mwezi.

Mahali tofauti ilipoonekana kweli

Nikarudi kwenye mpira, maana ndiko balaa lilikotokea. Huwezi kumwambia kijana wa miaka kumi na minne asitafute mechi. Unaweza kuhakikisha akifika kule hakuti vitufe kumi vya uongo. Kinachofanya kazi hiyo ni kizuia matangazo, na hapo vivinjari vimeachana njia.

Kizuizi ninachokiamini ni uBlock Origin, cha bure, kilichoandikwa na Raymond Hill. Google walibadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, mabadiliko yanayoitwa Manifest V3, na chini ya kanuni hizo uBlock Origin kamili hakiwezi kufanya kazi kama kilivyoundwa. Kuanzia mwishoni mwa 2024 Chrome ilianza kukizima kwenye kompyuta za watu, na kufikia siku niliyokaa Mikanjuni kilikuwa kimezimwa. Limebaki toleo lake jepesi, uBlock Origin Lite, ambalo si baya lakini si kile. Google wanasema sababu ni usalama na wepesi. Wapo wanaosema kampuni inayoishi kwa matangazo haikosi sababu nyingine. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kile kigeuzi cha PDF cha binti kilikuwa ushahidi tosha kwamba ruhusa za viendelezi zilihitaji kubanwa.

Firefox imebaki na uBlock Origin kamili. Na si kwenye kompyuta peke yake, hata Firefox ya Android inakikubali, jambo ambalo Chrome ya simu haina kabisa kwa kuwa haipokei viendelezi.

Brave ilikuwa mshindani wa kweli hapa. Kizuizi chake kimejengwa ndani, hakitegemei kanuni za viendelezi, na ukiiweka tu inafanya kazi. Mdogo mtu aliitetea vizuri kuliko nilivyotarajia. Kilichonifanya nisite ni yale mambo yake ya sarafu za kidijitali, pochi na zawadi za kutazama matangazo. Yanazimika, ndiyo, lakini sikutaka kuyaacha mbele ya kijana wa kidato cha pili ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anabonyeza kila kilichoandikwa Ruhusu. Nyumba ya watu wazima watupu ningeipa Brave bila wasiwasi.

Opera mdogo mtu aliiweka kwa ajili ya VPN ya bure, njia ya kupitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Nilimwonyesha kwamba hiyo inapitisha yale yanayofanyika ndani ya Opera tu, programu nyingine za kompyuta hazimo. Nikamkumbusha pia, Mama akiwa anasikia, kuwa Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo la kuwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wawasilishe taarifa zao. VPN hapa kwetu si pambo la kuwasha ovyo. Opera tukaiondoa.

Jicho la nenosiri

Sikupanga kuligusa hili. Nilikuwa kwenye mipangilio nikitafuta kitu kingine, nikabonyeza alama ya jicho kando ya nenosiri mojawapo, na likafunguka bila kuuliza chochote. La barua pepe ya binti. Kwa kawaida Chrome na Edge huomba nenosiri la Windows kabla ya kuonyesha, lakini akaunti ile haikuwa na nenosiri, kwa hiyo hapakuwa na cha kuomba. Yeyote aliyekaa kwenye kiti kile, mjomba, jirani, rafiki wa mdogo mtu, angeweza kuingia kwenye maombi ya mkopo ya binti akabadilisha namba ya simu.

Binti alibadilika uso. Hakusema neno kwa dakika nzima, halafu akaniuliza, "Kaka, na historia pia wanaiona?" Nikasema ndiyo. Mdogo mtu akatoka nje kwa ghafla kwenda kuangalia kuku.

Dawa yake si kivinjari. Tulitengeneza akaunti tatu za Windows, kila mtu na PIN yake, ya kijana ikiwa ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi. Kila akaunti inakuwa na kivinjari chake, historia yake, manenosiri yake. Ungeweza kutumia profaili za Chrome, ni nzuri na rahisi, ila mtu anaruka kutoka profaili moja hadi nyingine kwa kubofya mara moja. Ni pazia, si mlango. Firefox ina kitu cha ziada nilichokiwasha kwa binti, nenosiri kuu linaloombwa kabla manenosiri mengine hayajatumika. Binti alikuwa wa kwanza kuomba.

Bando

Kuhusu bando nilikuwa na matumaini ya bure, na naungama. Zamani nilikuwa nawaambia wateja wawashe kiokoa data cha Chrome kwenye simu. Kilifungwa 2022, na kuna mafundi wenzangu bado wanakipendekeza. Kwenye simu ninachokijua kilichobaki cha namna hiyo ni Opera Mini, ambayo hupitisha ukurasa kwenye seva zao, ikaukamua, ikakuletea mwepesi. Kwa kusoma habari ni hazina. Ukiitia kwenye hali yake ya kubana kupita kiasi, seva hizo ndizo zinazofungua ukurasa kwa niaba yako, kwa hiyo humo usiingie benki wala barua pepe. Mama anayo kwenye simu, anasomea magazeti, nikamwachia.

Kwenye laptop, mtafunaji mkubwa hakuwa kivinjari hata kidogo. Alikuwa Windows, akishusha masasisho yake usiku hotspoti ikiwa imesahaulika wazi. Nikaitambulisha hotspoti ile kama muunganisho wa kupimwa, Windows ikaacha kujipakulia mambo makubwa kiholela. Kisha kwenye Firefox nikazuia video zisijichezeshe, zenye sauti na zisizo na sauti, na kwenye uBlock Origin nikawasha kipengele cha kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, kwenye akaunti ya Mama tu. Kurasa zake za kuku sasa zinakuja na maandishi, na akitaka picha anaibofya. YouTube ya mdogo mtu tukaishusha hadi ubora wa picha wa 360p. Alilalamika kwamba mpira hauonekani. Mama akamwambia redio ipo.

Nilipokosea

Niliondoka nikiwa nimeweka Firefox kwa wote watatu, Edge ikibaki kama akiba, Chrome imeondolewa pamoja na folda yake. Nilijiona nimemaliza. Siku tatu baadaye binti akapiga simu akiwa karibu kulia. Mfumo aliokuwa anaombea haumpi fomu ya kuchapisha. Anabonyeza kitufe, kimya. Amejaribu Edge, imekubali. "Kaka, Firefox hii haifai. Nilikwambia uniachie Chrome."

Na kweli alikuwa ameniambia. Simu yake ni Android, ina Chrome, na manenosiri yake yote yalikuwa yanasafiri kati ya simu na laptop. Nilikuwa nimemhamishia ya laptop, nikasahau kwamba kila analolihifadhi kwenye simu kuanzia siku ile halitafika nyumbani. Kwa mtu aliye katikati ya maombi ya chuo, kumvunjia mnyororo huo ni kosa la fundi, si la kivinjari.

Nilirudi jioni ile. Kitufe cha fomu kilikuwa kinafungua dirisha jipya, na Firefox ilikuwa inalizuia kama dirisha ibukizi, huku ikitoa upau mwembamba juu ya ukurasa ambao yeye hakuuona. Kuruhusu tovuti ile moja kukamaliza. Edge ilikuwa imekubali kwa sababu alishaipa ruhusa hiyo miezi ya nyuma akasahau. Lakini sikutaka kushinda mjadala. Kwenye akaunti yake nikarudisha Chrome safi, akaingia kwa akaunti yake ya Google, na uBlock Origin Lite juu yake. Sharti langu lilikuwa moja: kiendelezi kingine chochote anipigie kwanza.

Kwa hiyo nyumba ile haina jibu moja. Mama anatumia Firefox, na ameizoea, isipokuwa jambo moja: alikuwa akizitafsiri kurasa za Kiingereza za kuku kwa Kiswahili kwenye Chrome, kwa kubofya mara moja. Firefox nayo inatafsiri, tena ndani ya kompyuta yako bila kupeleka ukurasa popote, ila nilipoangalia orodha ya lugha zake Kiswahili hakikuwamo. Kurasa hizo anazisomea kwenye simu. Mdogo mtu ana Firefox yenye uBlock Origin kamili, kwenye akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, na arifa nimezizuia zote zisiombe kabisa. Binti ana Chrome.

Mwishoni mwa Septemba Mama alileta fedha ya SSD na kipande cha RAM cha GB 4. Niliviweka siku moja, na ule mstari wa diski ukatulia. Mdogo mtu aliifungua, akaiangalia ikifunguka, akasema, "Kumbe brauza zote kali."

Kilichobaki ni Windows yenyewe. Msaada wa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha nne haikubaliwi rasmi na Windows 11. Vivinjari havikufa siku hiyo. Microsoft wamesema Edge itaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 angalau hadi Oktoba 2028. Mlango wa mbele utakuwa mpya juu ya nyumba isiyokarabatiwa. Nimemwandikisha Mama kwenye mwaka wa ziada wa viraka vya usalama ambao Microsoft waliutoa kwa watu wa majumbani, unaoishia Oktoba 2026, na nimemwomba mdogo mtu aje dukani siku za likizo tujaribu Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwenye kompyuta yangu mbovu kabla hatujaigusa ya nyumbani. Amesema atakuja, kama siku hiyo hakuna mechi.